Kura 21, vitabu vitatu, washindi watatu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata ili nizungumze juu ya vitabu. Lakini usiondoke bado, wewe uliyekuja hapa kutafuta tarakilishi, maana mbele kidogo kuna hesabu, na hesabu yenyewe ilikaribia kutuvunjia chama.

Kwa miaka minne sasa naendesha chama cha kusoma vitabu vya Kiswahili mtandaoni. Ukisema "chama" hapa Kenya watu huuliza papo hapo: mnachanga pesa ngapi kwa mwezi, na zamu ya kupokea ni ya nani? Sisi hatuchangi pesa, tunachanga muda. Tuko 23. Wengi wako Nairobi, Mombasa na Eldoret, wawili wako Dar es Salaam, dada mmoja anafanya kazi ya nyumbani Doha, na kaka mmoja yuko Minneapolis, Marekani. Tunasoma kitabu kimoja kwa wiki sita, na kila Jumapili saa tatu usiku tunakutana kwa sauti kukijadili. Saa za Doha ni sawa na zetu. Kule Minneapolis huwa ni mchana, saa sita au saa saba kutegemea majira, na kaka yetu husikiliza huku akipika.

Kuendesha chama kama hiki si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Ukumbusho wa Ijumaa hutumwa na programu ndogo niliyoiandika kwa Python. Kugawanya kurasa ni hesabu ya shule ya msingi: kitabu cha kurasa 180 kwa wiki sita ni kurasa 30 kwa wiki, yaani nne na kitu kwa siku. Mtu anazimaliza akiwa ndani ya matatu kwenye foleni ya jioni. Kilicho kigumu ni kimoja tu: kuchagua kitabu kinachofuata.

Kwa nini kiwe kigumu? Kwa sababu unawaambia watu 22 jinsi watakavyotumia jioni zao kwa mwezi mmoja na nusu. Na msomaji asiyependa kitabu hagombani na mtu. Hukawia wiki ya kwanza, husema wiki ya pili kwamba kazi zimemzidi, na wiki ya tatu hayupo. Haagi. Unakuja kugundua tu kwamba ile sauti iliyokuwa ikicheka sana haijasikika siku nyingi.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine zaidi. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza ikiwa ni kitabu cha kutahiniwa. Ukitaja Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora au Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kuna anayefurahi, na kuna anayesikia tumbo likimkata akikumbuka "Fafanua maudhui matano. Alama 20." Ndiyo maana tuna sheria ya kwanza chamani: hakuna kuuliza swali la mtihani. Unaweza kusema ulilia, ulicheka, au ulikitupa kitabu chini ya kitanda. Dhamira na mbinu za uandishi zitajitokeza zenyewe zikitaka.

MLANGO KABLA YA KURA

Mwanachama wetu mkubwa kwa umri ni mwalimu mstaafu. Sote tunamwita Mwalimu, hata wale ambao hawakufundishwa naye. Alipoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, na sasa anasoma kwa masikio. Kwenye tarakilishi yake tumemwekea NVDA, programu huria ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ndani yake mna eSpeak, kinanda cha sauti kinachojua lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Sauti yenyewe ni kavu, kama ya mgeni aliyejifunzia Kiswahili ndani ya debe, lakini Mwalimu ameizoea na huiendesha kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno.

Shida ni kwamba NVDA kwa kawaida inasoma maandishi, haisomi picha. Ukurasa wa kitabu uliopigwa picha na kutiwa ndani ya faili ya PDF ni ukurasa kwa macho yako wewe, lakini kwa Mwalimu ni karatasi nyeupe. Vitabu viwili mfululizo alivifuata kwa kusikiliza tu tulivyovisimulia Jumapili. Kisha akaniandikia ujumbe huu:

"Kijana wangu, nashukuru kwa yote. Lakini mtu aliyekaa nje ya karamu akisimuliwa ladha ya pilau, mwisho huona afadhali aende nyumbani. Mkinipa ruhusa nitapumzika."

Nilimpigia simu usiku ule ule. Nikamwomba anivumilie mpaka uchaguzi unaofuata, naye akasema, "Haya, baba, nitangoja." Hiyo ndiyo hali tuliyoingia nayo kwenye kura. Ulikuwa uchaguzi wa kitabu, lakini pia ulikuwa uchaguzi wa kama Mwalimu anabaki.

Nilichofanya kwanza ni kuweka mlango. Kabla kitabu hakijaingia kwenye orodha ya kura, anayekipendekeza lazima ajibu maswali matatu. Je, kinapatikana kwa njia halali katika zaidi ya nusu ya miji tunakoishi, na ambako hakipatikani kitafikaje? Je, yule asiye na uwezo wa kukinunua atakisoma vipi? Na je, Mwalimu atakisoma vipi? Asiyekuwa na jibu kwa mojawapo, kitabu chake kinangoja mlangoni mpaka jibu lipatikane.

Swali la kwanza nililiiba kwenye Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 138 inasema mgombea urais hashindi kwa kupata zaidi ya nusu ya kura peke yake. Lazima pia apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Maana yake, usiwe mfalme wa kijiji kimoja. Kitabu kilichojaa kwenye maduka ya Nairobi lakini dada yetu wa Doha hana namna ya kukipata ni mgombea wa kijiji kimoja.

Vilipendekezwa vitabu saba. Vitatu vilipita mlangoni.

Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 inayomfuata msichana wa Ukerewe kutoka kwenye nyumba ya baba mkali hadi kwenye ulimwengu ambao hakuandaliwa kuuishi. Cha pili ni Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila, kilichotoka Nairobi mwaka 2002, riwaya fupi yenye ndoto, mafumbo na dunia inayogeuzwa kijiji. Cha tatu ni Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya Ida Hadjivayanis, nayo ilitoka mwaka 2022. Kwa hiyo hadithi ya Yusuf na misafara ya kwenda bara ilichukua miaka 28 kufika kwenye lugha ya pwani yake yenyewe.

KURA ZILE ZILE

Sasa shika kalamu, hapa ndipo utamu ulipo.

Sikuwaomba watu wachague kitabu kimoja. Niliwaomba wavipange vyote vitatu: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watu 21 kati ya 23 walipiga kura. Mwalimu alinitumia yake kwa sauti. Matokeo ndiyo haya:

Kura 8: Bina-Adamu!, kisha Rosa Mistika, kisha Peponi
Kura 7: Peponi, kisha Rosa Mistika, kisha Bina-Adamu!
Kura 4: Rosa Mistika, kisha Peponi, kisha Bina-Adamu!
Kura 2: Rosa Mistika, kisha Bina-Adamu!, kisha Peponi

Nani kashinda? Usikimbilie kujibu.

Ukihesabu kwa njia ya kawaida, ile ya kutazama nafasi ya kwanza tu, Bina-Adamu! ina 8, Peponi ina 7, Rosa Mistika ina 6. Bina-Adamu! imeshinda.

Lakini 8 kati ya 21 si nusu. Ukitumia njia ya duru ya pili, ile ambayo Katiba yetu inaitumia mgombea wa kwanza asipofikisha masharti, unamwondoa wa mwisho na kuwaacha wawili wa mbele wapambane. Rosa Mistika inatoka. Wale sita waliokuwa nayo wanagawanyika: wanne wanakwenda Peponi, wawili wanakwenda Bina-Adamu!. Peponi inapata 11, Bina-Adamu! inapata 10. Peponi imeshinda.

Sasa njia ya tatu. Chukua vitabu viwiliviwili uvipambanishe kana kwamba vingine havipo. Rosa Mistika na Bina-Adamu!: watu 13 wameweka Rosa juu, 8 wameweka Bina-Adamu! juu. Rosa Mistika na Peponi: 14 kwa 7, Rosa tena. Yaani kile kitabu kilichokuwa cha mwisho katika hesabu ya kwanza, na kilichofukuzwa mapema katika hesabu ya pili, kinakishinda kila kitabu kingine wakisimama uso kwa uso. Rosa Mistika imeshinda.

Kura zile zile, watu wale wale, usiku ule ule, washindi watatu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kilichobadilika ni swali ulilowauliza watu.

Jambo hili si jipya. Huko Ufaransa, Jean-Charles de Borda, mwanamaji na mwanahisabati, aliliambia baraza la wanasayansi mwaka 1770 kwamba kura ya nafasi ya kwanza tu inaweza kumpa ushindi mtu ambaye wengi hawamtaki. Yeye alipendekeza kutoa pointi kwa nafasi. Kwa vitabu vitatu, wa kwanza apate 2, wa pili 1, wa tatu 0. Kwa kura zetu, Rosa Mistika inapata 27, na hao wengine wawili wanapata 18 kila mmoja. Mwaka 1785 Marquis de Condorcet akatoa kitabu chake, na ile njia ya kupambanisha viwiliviwili ndiyo inayobeba jina lake hadi leo. Kisha mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, akathibitisha kwa hisabati kwamba chaguo zikiwa tatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya wapiga kura itakayotimiza masharti yote ya haki ambayo sote tungeyakubali tukiulizwa moja moja.

Kwa hiyo njia kamilifu haipo. Lakini usihitimishe kwamba basi njia zote ni sawa. Kura ya nafasi ya kwanza tu ina ugonjwa unaojulikana: watu wenye mawazo yanayofanana wakiwa na wagombea wawili, wanagawana kura na kupoteza wote. Wakenya hatuhitaji Mfaransa kutufundisha hilo. Mwaka 1992 mshindi wa urais alipata asilimia 36 hivi ya kura, kwa sababu wapinzani walisimama kila mtu na chama chake. Njia ya Borda nayo ina wake: mpenzi wa Peponi akiona Rosa Mistika ndiyo tishio, ataisukuma ya mwisho makusudi hata kama anaipenda, ili kuinyima pointi.

Sisi tulishachagua njia ya Condorcet, na mimi niliitangaza wiki mbili kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Naomba uizingatie sentensi hiyo kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Mwenye kuhesabu akingoja mpaka azione kura ndipo achague njia ya kuhesabu, yeye ndiye aliyechagua kitabu. Usiku ule nilikuwa nimekaa mbele ya skrini nikiwa na washindi watatu mkononi. Moyo wangu ulikuwa kwa Peponi, sitaficha. Kama njia isingekuwa imetangazwa, ningeweza kuwaambia watu "tumetumia duru ya pili kama katiba ya nchi," na nani angenipinga?

Kwa wanaopenda kuandika programu: hesabu yenyewe haifiki mistari 40. Unachukua kila jozi ya vitabu na kuuliza ni wangapi walioweka hiki juu ya kile. Vitabu vitatu vina jozi tatu, vinne vina sita, vitano vina kumi. Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Inawezekana A imshinde B, B imshinde C, na C imshinde A, kama paka, panya na mbwa wanaofukuzana kuzunguka mti. Lazima uamue mapema utafanyaje. Sisi tuliandika kwamba mzunguko ukitokea kati ya vitabu vitatu, pambano lililoshindwa kwa tofauti ndogo zaidi linafutwa. Mradi wa Debian, wale watengenezaji wa mfumo huria wa Linux, hutumia njia ya ukoo huu katika kura zao tangu mwaka 2003, ukiwemo uchaguzi wa kiongozi wao wa kila mwaka. Ikiwa imewatosha wao wanaobishana juu ya kila kitu, itatutosha na sisi.

"HESABU GANI HII?"

Nilipotangaza Rosa Mistika, jibu la kwanza lilitoka Eldoret. Kaka mmoja, mhasibu, ndiye aliyependekeza Bina-Adamu! na kuipigia debe wiki nzima.

"Ndugu yangu," akaandika, "nane ni zaidi ya saba, na saba ni zaidi ya sita. Aliye wa mwisho amekuwa wa kwanza. Hesabu gani hii? Hii ni Biblia au ni uchaguzi?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Na ukweli ni kwamba alikuwa na wenzake saba nyuma yake, theluthi nzuri ya chama. Chama cha watu 23 kikipoteza wanane hakifi siku hiyo, lakini kinaanza kuchechemea.

Sikumjibu kwa Condorcet wala Arrow. Mtu aliyeshindwa hataki kusikia majina ya Wafaransa waliokufa zamani. Nilimtumia faili ya kura zote 21, majina yakiwa yameondolewa, mpangilio wa kila mtu kwenye mstari wake. Nikamwambia, "Kaka, wewe ni mhasibu. Chukua kalamu na karatasi. Swali ni moja: kati ya watu 21, ni wangapi wangependa Bina-Adamu! kuliko Rosa Mistika?"

Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaandika mbele ya wote: "Nimehesabu mara mbili. Ni 13 kwa 8. Sipendi, lakini ni kweli." Kisha akaongeza, "Na mimi mwenyewe niliiweka Rosa ya pili."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakimo ndani ya programu yangu. Mtu huweza kukubali kushindwa na wenzake. Hakubali kushindwa na kitu asichokiona. Mistari yangu 40 ingeweza kuwa sahihi mara elfu, na bado asingeamini mpaka alipoihesabu kwa mkono wake. Tangu hapo, kila kura inapofungwa, faili ya kura bila majina inakwenda kwa kila mwanachama, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuihesabu kwa kalamu. Wengi hawaifungui. Haidhuru. Kujua kwamba unaweza kuifungua kunatosha.

Tukaongeza na sheria mbili za kuwapoza walioshindwa. Vitabu vilivyokosa vinarudi kwenye orodha inayofuata bila kupendekezwa upya. Na mtu ambaye kitabu chake kimeshinda hapendekezi tena kwa zamu mbili, ili karamu isiwe ya mpishi mmoja.

SAUTI SITA

Bado Mwalimu. Dada aliyependekeza Rosa Mistika ni muuguzi wa Mombasa, na jibu lake kwenye lile swali la tatu la mlangoni lilikuwa fupi: "Tutamsomea." Alikuwa amekwisha kuwapata wengine watano. Sauti sita, kila mmoja na sura zake.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo nilitaka liwe wazi. Uko mkataba wa kimataifa uitwao Mkataba wa Marrakesh, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017. Lengo lake ni kwamba haki za mwandishi zisigeuke ukuta kwa mtu asiyeona: mwenye ulemavu wa kusoma, au anayemsaidia, anaweza kupata nakala ya kazi katika umbo analoweza kulitumia. Mwalimu alinunua kitabu chake kama sisi sote. Mjukuu wake alikipokea, akakiweka mezani, na Mwalimu akaniambia amekipapasa jalada. Sauti zetu zilikuwa njia yake ya kukifungua.

Kwa upande wa mitambo, tulirekodi kwa rununu za kawaida, ndani ya chumba chenye pazia na nguo nyingi ili kusiwe na mwangwi. Faili tulizibana kwa Opus, mfumo huria wa kubana sauti uliotoka mwaka 2012, ambao ndio huohuo unaobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa kiwango cha kilobiti 24 kwa sekunde, saa nzima ya usomaji ni megabaiti 11 hivi. Sauti ya mtu inasikika safi kabisa, na bando la Mwalimu halikutetereka.

Ikaja ile niliyoitarajia. Mwanafunzi mmoja aliniandikia faraghani: "Kaka, hizo rekodi si mnipe na mimi? Pesa ya kitabu sina, na huyo mwandishi hata hayupo tena." Ni kweli, Kezilahabi alifariki Januari 2020. Lakini nilimwambia hapana. Rekodi ni za Mwalimu kwa sababu ya macho yake, si zetu kwa sababu ya mifuko yetu. Tukizisambaza, tutakuwa tumechukua mlango uliofunguliwa kwa ajili ya asiyeona na kupitishia mizigo yetu. Waandishi wa Kiswahili hawana wanunuzi wengi kiasi hicho, na chama cha wapenzi wa vitabu kikiwa cha kwanza kuwakwepa, nani atabaki kuwanunua?

Hata hivyo hapana peke yake haimsomeshi mtu. Ndiyo maana swali la pili la mlangoni lipo. Tuna nakala tatu za mzunguko, zilizonunuliwa na wenye uwezo, zinazosafiri kwa mabasi kama vifurushi vingine. Mwanafunzi alipata yake Alhamisi, akiwa na siku kumi za kuimaliza kabla ya kuituma Mombasa. Aliimaliza kwa siku nne.

Jumapili ya kwanza ya Rosa Mistika, aliyeanza kuzungumza alikuwa Mwalimu. Hakungoja kusimuliwa. Alizungumza juu ya Zakaria, yule baba mlevi na mkali, akasema amewajua wazazi kama huyo katika miaka yake yote ya kufundisha, na kwamba mara nyingi walikuwa ndio wanaopenda sana watoto wao bila kujua wafanye nini na mapenzi hayo. Dada wa Doha akabisha. Alisema mapenzi yanayompiga mtoto hadharani ni hofu iliyovaa kanzu. Wakabishana nusu saa, na mhasibu wa Eldoret, ambaye hakutaka kitabu hiki, alikuwa wa tatu kuingia ulingoni. Mimi nilinyamaza nikasikiliza.

Ukiwa na chama chako, au ukifikiria kuanzisha kimoja, haya ndiyo ninayoweza kukupa. Weka mlango kabla ya kura, na uuweke kwa kumfikiria yule ambaye ni vigumu zaidi kwake kuingia. Omba watu wavipange vitabu, usiwaombe wachague kimoja. Tangaza njia ya kuhesabu kabla kura ya kwanza haijapigwa, kisha ukae mbali na matamanio yako. Mpe kila mtu kura zote azihesabu mwenyewe. Na walioshindwa, warudishie kitabu chao kwenye orodha, usiwaache wakiomba.

Kura ya zamu inayofuata inafungwa Jumamosi. Bina-Adamu! na Peponi zimerudi, na mhasibu wetu ameshaanza kupiga debe tena, safari hii akiwaomba watu waiweke "hata ya pili, ndugu zangu, hata ya pili."